Wanaomcheka Bidada wa Gesti ya Sinza Ndio Washamba

Wiki hii wambea wa mitandaoni wamepata chakula cha kutosha. Bidada mmoja wa Mwanza anayechipukia kwenye Bongo Fleva (jina kapuni) alitua Dar kwa mara ya kwanza maishani kuja kurekodi. Akaposti picha kali za Masaki, bahari nyuma, juisi mkononi, na maneno mawili tu: "Nyumbani kwa sasa." Siku mbili baadaye mtu akarusha kivideo kinachomwonyesha anatoka gesti moja Sinza asubuhi, begi mgongoni, ananunua chapati kwa mama ntilie.

Basi, komenti zikafurika. "Kumbe Masaki ya kuazima!" "Dada, gesti na nani?" Mengine hayaandikiki hapa.

Kwenye lile neno la "nyumbani" bidada aliweka chumvi, hilo halina ubishi. Masaki alienda kupiga picha akaondoka zake. Ila kwenye suala la pa kulala, huyo binti amewazidi akili nusu ya wanaomcheka.

Kwanza iangaliwe hesabu yake. Basi kutoka Mwanza linakula zaidi ya kilomita 1,000 halafu linamshusha mtu Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, ambako mabasi ya mikoani yamehamia tangu 2021 yalipotolewa Ubungo. Mgeni hapo amechoka, miguu imevimba, na kila mtu anamvuta begi. Kutoka Mbezi kwenda Masaki ni kulivuka jiji, na foleni ya jioni haina huruma na mgeni. Sinza ni kuteremka na barabara ya Morogoro mpaka Shekilango, kisha bajaji. Na studio aliyokuja kurekodi iko Kijitonyama, pua na mdomo na Sinza.

Halafu studio za Bongo hazijui saa za ofisi. Prodyuza anasema "njoo saa kumi", msanii anakaa kwenye kochi mpaka saa nne usiku ndio anaingia kuimba, anatoka saa nane. Anayelala Sinza anapanda bajaji, dakika chache yupo kitandani. Anayelala Chanika au Mbagala kwa shangazi, hiyo ni safari nyingine, na shangazi mwenyewe yupo macho sebuleni anasubiri maelezo.

Sasa kuna stori ya pili ambayo hao wachekaji hawaijui, au wanaijua wanajifanya hawaijui. Mrembo mmoja wa Arusha, muuza sura kwenye video za wasanii, naye alikuja Dar mara ya kwanza. Yeye hakulala gesti. Bosi mmoja aliyemfuata inboksi alimpa apatimenti Masaki, ghorofani, na gari la kumpokea. Picha zikapanda, watu wakamwaga vimoto na taji, "malkia", "mjini kwake".

Kilichoendelea hakikupostiwa. Kwa mujibu wa watu wake wa karibu, usiku wa tatu bosi alikuja na masharti. Bidada akakataa. Saa saba usiku yupo getini na sanduku lake la magurudumu, bando limeisha, mtaa haujui jina, kwa sababu Dar yote aliyokuwa ameiona ni ya kupitia kioo cha gari. Mlinzi ndiye aliyemwitia bodaboda. Akaenda kulala wapi? Gesti.

Hapo ndipo unafiki wa mjini unapoonekana. Binti anayelala kwa hela yake, kwenye chumba alichokichagua mwenyewe, anaulizwa "na nani?" Binti aliyewekwa na mwanaume asiyemjua vizuri anapigiwa makofi. Anayejilipia ananuka, anayelipiwa ananukia. Halafu watu haohao, mambo yakiharibika, ndio wa kwanza kuandika "alifuata nini?"

Ni kweli gesti zina jina baya, hasa za Sinza. Vyumba vya saa moja vipo, baa za kupiga muziki mpaka alfajiri zipo, na mtu akionekana anatoka mlango ule watu wanakamilisha stori wenyewe. Lakini gesti ina kitu kimoja ambacho apatimenti ya bosi haikuwa nacho: lile daftari la mapokezi. Mgeni anaandika jina, anakotoka, anakokwenda. Kuna mtu kaunta anajua kwamba chumba namba sita yupo binti wa Mwanza, na asipoonekana mpaka mchana atagongewa. Kule ghorofani hakuna aliyejua hata jina la yule mrembo.

Hii haina maana kila gesti inafaa. Mjanja anaomba kuona chumba kabla hajatoa hela: kitasa kinafunga kwa ndani? Maji yanatoka? Chandarua kina matundu? Baa iko ukuta wa pili? Analipa usiku mmoja tu kwanza, akipaona panafaa anaongeza. Hizi za dalali wa mtandaoni anayetaka "hela ya kushikia chumba" itumwe kwenye simu kabla mtu hajapanda basi, wengi wamelia nazo. Picha nzuri, nyumba haipo, namba haipatikani.

Na wala si kila mgeni wa kwanza anafaa Sinza. Kazi iliyomleta ndiyo inayochagua mtaa. Anayekuja kufunga mzigo wa duka alale Kariakoo, aamkie sokoni, na akija na treni ya SGR stesheni haiko mbali. Mwenye usaili Posta atafute sehemu karibu na kituo cha mwendokasi, asitegemee bahati ya daladala saa moja asubuhi. Msimu wa mvua kubwa aulizie Jangwani, maana maji yakijaa pale barabara inafungwa, na mwenye miadi ng'ambo anabaki kutazama. Anayeogopa kelele na macho ya watu, hosteli za taasisi za dini zipo, kama Msimbazi Center pale Ilala. Na anayetaka bahari kwa mapumziko, Kigamboni ipo, mradi akumbuke kwamba kila akitaka kuja mjini kuna pantoni au daraja.

Kuhusu ndugu, hakuna anayesema watu wasilale kwa ndugu. Shangazi mwenye moyo ni hazina, na anayefika aende na sukari yake, aamke mapema, ashike ufagio. Ila wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la Dar linaweza kuwa kulea watoto wa watu wakati studio inasubiri. Kwa shangazi, kwa rafiki au kwa bosi, kanuni ni moja: mgeni awe na hela ya usiku mmoja ya kwake mwenyewe, ambayo mwenyeji haijui, na ajue gesti moja ya kukimbilia. Mtu mwenye hela hiyo akiambiwa masharti anaweza kusema hapana na kuondoka mchana kweupe.

Bidada wa Mwanza alikuwa nayo. Amelala Sinza siku nne, amelipa mwenyewe, hakuna mtu wa kumdai fadhila, na ngoma yake imerekodiwa. Kama ana la kurekebisha, ni kuposti tu ile gesti na chapati yake bila aibu, maana kuna mabinti wengi Tabora, Songea na Kigoma wanaokusanya nauli sasa hivi, na wanachojifunza kwenye simu zao ni kwamba mjini unaingilia Masaki tu.

Swali kwa wadau: mdogo wako wa kike akipanda basi kesho kuja Dar kwa mara ya kwanza, ungetaka alale wapi, na ufunguo awe nao nani?