Namba moja haiuzwi

Na Neema Swai

Jumanne asubuhi alikuja ofisini kwangu mama mmoja mwenye kampuni ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Shikamoo yangu aliiitikia akiwa tayari anapekua mkoba. Akatoa simu, akaandika jina la kampuni yake kwenye Google, akanisogezea: ipo juu kabisa. "Unaona, mwanangu? Kijana niliyempa kazi ameweza. Sasa nieleze, mbona tangu Januari sijapata hata mgeni mmoja mpya?"

Nikamwomba aandike kitu kingine. Asiandike jina lake, bali maneno ambayo angeandika mtu aliyeko Hamburg, ambaye hajui kama kampuni hiyo ipo: bei ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku saba. Akaandika kwa Kiingereza, akaanza kushusha kidole. Yakapita matangazo ya kulipia, zikapita kampuni za Ulaya na Marekani, zikapita za hapa kwetu Moshi na Arusha zilizoanza kuandika habari za mlima huu miaka mingi iliyopita. Ukurasa wa pili, wa tatu. Hakuwamo. Aliilaza simu kifudifudi mezani, na kwa muda hatukusemezana.

Kijana yule alimwahidi "namba moja ndani ya mwezi", na kwa hesabu zake ametimiza. Lakini mtu akitafuta jina lako kamili, ni nani mwingine atakayetokea? Tena simu yako mwenyewe, inayofungua tovuti yako kila siku ukiwa hapa hapa mjini, inaweza kukuonyesha juu zaidi kuliko anavyokuona mtu wa mbali. Kumtoza mteja fedha kwa kitu ambacho angekipata bila wewe ni wizi, hata kama risiti imeandikwa vizuri.

Hata hivyo, sitaki lawama zote zimwangukie kijana. Sisi wateja wa nchi hii tumelelewa na mafundi wa ahadi. Fundi cherehani anakwambia gauni la Idi litakuwa tayari Alhamisi, nawe unajua fika kwamba Alhamisi utalikuta halijakatwa, lakini unamwachia kitambaa kwa sababu amekujibu bila kusita. Anayesema "sina hakika, nipe muda niangalie" tunamwona hajui kazi. Katika biashara yetu hii ya kuzifanya tovuti zionekane kwenye utafutaji, tabia hiyo inawanyima kazi wakweli. Mteja anauliza "nitakuwa wa kwanza lini?" na jibu la kweli linamfukuza.

Jibu la kweli lenyewe halijafichwa. Google wanawaambia wenye biashara waziwazi kwamba hakuna mtu anayeweza kuwahakikishia nafasi ya kwanza. Mwaka 2017 mfanyakazi wao Maile Ohye, katika video ya kuwashauri wanaotafuta mtaalamu wa kazi hii, alitaja miezi minne hadi mwaka mmoja: muda wa kufanya marekebisho kisha kuanza kuona faida. Ni muda mrefu kwa sababu kurasa mpya lazima zipitiwe, zisomwe, zilinganishwe na nyingine chungu nzima, na tovuti za watu wengine zianze kukutaja kwa hiari yao. Wanaonunua njia ya mkato wanajulikana walipoishia. BMW, pamoja na utajiri wake wote, tovuti yake ya Ujerumani iliondolewa kwenye matokeo ya Google mwaka 2006 kwa kutumia kurasa za kuhadaa mashine.

Nami niliwahi kuteleza. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilimwambia mwenye hoteli moja "miezi mitatu, baba, usiwe na wasiwasi." Nilikuwa na kodi ya ofisi ya kulipa. Mwezi wa nne aliacha kupokea simu zangu, na alikuwa na haki. Wageni walikuwa wameanza kuongezeka kidogo kidogo, lakini hakuweza kuwaona, kwa sababu nilimfundisha kuangalia namba moja tu. Tangu siku hiyo huwa nasema kabla ya kupokea senti. Anayenipa kazi Mei namwambia asitegemee wageni wa Juni, kwa maana wanaopanda Juni wengi wao walishaamua na kulipa zamani. Namwambia pia yaliyo mikononi mwake: bei ziandikwe, picha ziwe za wapagazi wake na mahema yake, na barua pepe zijibiwe. Mgeni akiuliza Jumatatu ukamjibu Ijumaa, kazi yangu ilishakufa Jumanne.

Mama yule alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Sasa wewe unaniahidi nini?"

Nikamwambia: kila mwisho wa mwezi nitakuletea karatasi moja. Itaonyesha maneno ambayo watu wa nje waliandika hadi tovuti yako ikatokea, wangapi waliifungua, wangapi walikuandikia kuuliza safari, na mimi nilifanya nini mwezi huo. Hayo ya maulizo tutayahesabu pamoja kutoka kwenye daftari lako. Na mwezi wa sita, kama hakuna kilichosogea, nitakuja kukwambia kabla hujaniuliza.

Alitafakari akizungusha bangili mkononi. "Yule wa kwanza alisema mwezi mmoja," akasema, si kwa hasira. Akachukua mkoba wake, akaniaga, akasema atazungumza na wanawe kwanza.

Naandika haya Alhamisi jioni. Hajapiga simu.