Safari ya Arusha: Kipaji hakigongwi muhuri Namanga

Kama unaishi Kitengela, Isinya au Kajiado mjini, barabara hiyo unayovuka kila siku ukikwepa matatu ndiyo inayokwenda Arusha. Kutoka Athi River hadi huko ni takriban kilomita 240. Mwaka 2022, Arusha ilipoandaa michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki (FEASSSA), hii ndiyo ilikuwa njia ya moja kwa moja ya kutoka Nairobi kwa basi.

Umbali si tatizo. Tatizo ni karatasi.

Tangu 2014, Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Kwa hivyo shabiki aliyekwenda Huye, Rwanda, kwa michezo ya 2023 hakuhitaji mengi. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Huko unatakiwa kuwa na pasipoti au kibali cha muda cha kusafiria. Ajabu ni kwamba makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako papo hapo Arusha, na itifaki ya soko la pamoja imetumika tangu Julai 2010. Soko tumeambiwa liko wazi, lakini mlangoni bado unaulizwa karatasi.

Anayeumia zaidi ni mwanafunzi. Wengi hawajafika miaka 18, kwa hivyo hata kitambulisho hawana. Kati ya fainali za kitaifa na michezo ya kanda huwa kuna wiki chache tu. Shule ikisubiri timu ishinde ndipo ianze kutafuta vyeti vya kuzaliwa, mchezaji hodari anaweza kubaki nyumbani akifuatilia mechi kwa simu. Mwambie kocha wako mambo haya yaanze michezo ikiwa bado ngazi ya kaunti.

Na wewe unayekwenda kushangilia, jipange hivi:

Karatasi: Omba pasipoti au kibali mapema kupitia eCitizen. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kama hujafika miaka 18, uwe na barua ya idhini ya mzazi.

Barabara: Kitengela hujaa magari asubuhi na jioni, kwa hivyo ondoka alfajiri. Jaza mafuta na ununue maji Kitengela au Kajiado, maana ukishapita Bisil maduka ni machache.

Mpakani: Namanga ina kituo cha pamoja kilichofunguliwa rasmi Desemba 2018. Unapokwenda, shughuli za nchi zote mbili unazimalizia upande wa Tanzania. Unaporudi, upande wa Kenya.

Pesa: Badilisha benki au kwenye duka la fedha lenye leseni, si kwa jamaa anayekukimbilia dirishani.

Mizigo: Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019.

Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uenyeji wa AFCON 2027 kwa pamoja, na Arusha ni mojawapo ya miji inayojengewa uwanja. Ikiwa nchi tatu ziliweza kukubaliana kuhusu kitambulisho, Tanzania nayo inaweza kujiunga, hata kama itaanza na wanamichezo wa shule. Hadi siku hiyo ifike, usiende Namanga mikono mitupu.