Makochi Yanayopauka: Ni Dirisha Lipi Lenye Lawama?

Ni nyumba chache katika Arua na Koboko zisizoijua alama hii: kitambaa cha kufuma kinapoinuliwa kutoka mgongoni mwa kochi, chini yake huonekana mraba wa rangi ya zamani, nyekundu iliyokolea au kijani, ilhali pembeni mwake pote rangi imepauka mfano wa kanga iliyofuliwa miaka kumi. Mwenye nyumba hustaajabu, maana makochi hayakunyeshewa, wala watoto hawakuyapanda kwa miguu yenye matope. Yalikaa tu karibu na dirisha. Na yalinunuliwa kwa akiba ya mishahara ya miezi mingi.

Watu wengi hudhani kwamba kioo kikifungwa, jua limezuiliwa. Sivyo. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya ile mionzi ya urujuanimno inayochoma ngozi, lakini ipo mionzi mingine ya jamii hiyo hiyo, yenye mawimbi marefu zaidi, ambayo hupita kwa wingi. Hiyo, ikisaidiana na mwanga uonekanao kwa macho pamoja na joto, ndiyo inayovunja rangi za nguo, mazulia na mbao. Mji wa Arua uko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kadiri nchi inavyoinuka ndivyo mionzi hiyo inavyozidi, takriban sehemu moja katika kumi kwa kila mita 1,000.

Basi kabla ya kutoa fedha mfukoni, yafaa mwenye nyumba ajue jua lake linaingilia wapi. Nchi ya West Nile ipo karibu sana na Ikweta. Mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba, jua la mchana husimama utosini kabisa. Mwezi Juni huinamia kaskazini, na Desemba huinamia kusini, lakini mchana daima huwa juu sana. Kwa sababu hiyo, madirisha ya kaskazini na ya kusini hulindwa na paa lenyewe. Upenu uliotokeza sentimita 60 hutupa kivuli cha sentimita zipatazo 120 ukutani, hata katika mchana wa Desemba ambapo dirisha la kusini hupigwa zaidi kuliko miezi yote. Lakini upenu huo huo upande wa magharibi, saa kumi na moja jioni, hutoa kivuli kisichofika sentimita 40, kwa kuwa jua limeshuka na linatazama ndani ya chumba moja kwa moja. Na huko Arua huendelea kutazama hivyo hadi karibu saa moja. Dirisha la mashariki lina hatari kama hiyo asubuhi, ila wakati huo chumba hakijapata joto.

Hapo ndipo unapokuja utando wa plastiki unaobandikwa kwenye kioo, ule ambao watu wa magari huuita tinti. Ulianza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1960, kwa nia ya kupunguza joto majumbani. Ulio bora huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno. Bwana wa nyumba akisikia habari hizi, aghalabu huamua kuyafunika madirisha yote kwa tinti nyeusi kama ya gari la mkubwa, na mkewe humjibu: "Baba watoto, tukitia giza nyumba nzima, watoto watasomea wapi?" Mama ana haki. Weusi wa utando si kipimo cha kazi yake. Upo utando mweupe, usioonekana ukishabandikwa, unaozuia urujuanimno sawasawa na ule mweusi. Faida ya mweusi ni kupunguza pia mwanga na joto, nayo ni faida ya kweli kwa dirisha la magharibi, lakini kwa dirisha la kaskazini lenye upenu mpana ni hasara tupu.

Utando hubandikwa upande wa ndani. Kioo husafishwa mpaka kisibakie hata punje ya vumbi, jambo lisilo rahisi katika kiangazi cha Koboko, kisha hulowanishwa kwa maji yenye sabuni kidogo, utando hulazwa juu yake, na maji hukamuliwa kwa kipande cha mpira kuanzia katikati kuelekea kingoni. Ukungu kidogo ukionekana siku za kwanza, usisumbue mtu, kwani hukauka wenyewe baada ya majuma machache. Kioo chenye mikwaruzo ya maua hakishiki utando ila upande wake ulio laini. Kioo chenye ufa kisibandikwe tinti nyeusi kamwe, maana hunyonya joto na ufa hukimbia. Na madirisha ya vipande vingi vinavyofunguka pamoja, kama yalivyo katika kota nyingi, hayastahili taabu hiyo.

Kwa aishiye katika kota, ambaye leo yupo Arua na kesho huenda akahamishiwa mbali, pazia zito lenye bitana nyeupe ni mali inayofungwa katika mzigo na kuondoka naye. Pazia la magharibi likifungwa kuanzia saa tisa, kazi kubwa imekwisha. Makochi yakigeuzwa na kubadilishana nafasi kila baada ya miezi michache, yatapauka sawasawa, wala hakutakuwa na moja la aibu. Utando mweupe nao haumalizi tatizo lote, kwa sababu mwanga unaoonekana pia hula rangi. Ndiyo maana majumba ya makumbusho huweka nguo za kale katika mwanga hafifu sana.

Wapo wanaohofia pasipo sababu. Sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu haidhuriwi na jua, kwani rangi hiyo hutokana na kutu ya chuma, na kutu haiogopi mwanga. Kinachoiharibu ni nyayo na mchanga. Mbao za mvule, nazo, hazipauki. Zikiwa mpya zina umanjano, na mwanga huzigeuza kuwa za hudhurungi. Taabu yake ni moja tu: chombo kikikaa mahali pamoja juu ya meza mpya, huacha duara la rangi isiyokolea. Basi mwaka wa kwanza meza ya mvule iachwe wazi, au vitambaa vyake vihamishwe mara kwa mara.

Kuna kitu kimoja ambacho hakigeuzwi wala hakinunuliwi tena, nacho ni picha ya ukutani. Katika nyumba nyingi za askari hutundikwa picha ya baba akiwa katika sare, na pengine baba huyo amekwisha kufariki. Familia nyingi za West Nile zilikimbilia Sudan na Zaire katika miaka ya 1979 na 1980, zikaacha nyuma karibu kila kitu, na picha iliyovuka mpaka ndani ya kitambaa na kurudi salama huwa ndiyo ya pekee. Ikitundikwa ukuta unaoelekeana na dirisha la magharibi, jua huifuta polepole, uso kwanza kuwa wa kijivujivu, kisha alama za cheo kutoweka begani. Picha za rangi za miaka hiyo ni dhaifu zaidi kuliko zile nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo picha ya asili ipelekwe kwa mpiga picha itolewe nakala, nakala iwekwe katika fremu na kutundikwa ukutani, na ile ya asili itiwe katika bahasha safi, ilazwe ndani ya sanduku, mahali pakavu pasipo mwanga.