Vitu Vikiibiwa Katika Chumba cha Hoteli



Masomo yamefungwa, na baridi ya mwezi wa saba inatukaza hapa Lubumbashi mpaka maji ya asubuhi yanauma mikono. Ndiyo maana kila mwaka wakati huu jamaa zenye uwezo kidogo, ao zenye ndoa ya ndugu huko, zinashuka upande wa Kalemie na Moba kutafuta joto la ziwa Tanganyika na kula mikebuka iliyotoka majini asubuhi ile ile. Wengine wanavuka Kasumbalesa kwenda Zambia. Wengi wetu tunafikia kwa ndugu. Lakini mkiwa watu kumi na wawili na watoto wachanga katikati, hata shangazi mwenye moyo mzuri anachoka, na hapo ndipo mnakwenda kulala hotelini.

Mama watatu wametuuliza ulizo moja kwa namna tofauti: vitu vyetu vikiibiwa ndani ya chumba, tufanye nini, na nani atalipa?

Tueleze kwanza jambo lililompata mwenzetu mmoja mwaka jana, katika hoteli moja kando ya ziwa. Ametupa ruhusa tulisimulie bila jina lake wala la hoteli. Alikuwa amekula zamu yake ya likelemba, dola 300, naye alizibeba ili arudi na ndakala za kuuza. Alizifunga ndani ya kikwembe, akaweka kikwembe chini ya valizi. Siku ya posho wote walikwenda kanisani kwa ndoa tangu saa tatu asubuhi. Waliporudi saa kumi, mlango ulikuwa umefungwa vizuri, vyuma vya dirisha vizima, lakini dola, simu moja na pete za masikio havikuwepo.

Kelele zikapanda. Mkubwa wa hoteli hakuuliza maulizo mawili. Alimwita binti anayefagia vyumba, akamwambia mbele ya watu: "Ni wewe uliingia." Wakapekua sakoshi yake, wakapekua nguo zake, hawakukuta kitu. Jioni ile binti akapelekwa kwenye posti ya polisi, akalala kasho usiku wa posho na usiku wa siku ya Mungu. Ana miaka kumi na tisa, na mtoto wake mdogo alibaki na bibi yake.

Siku ya kwanza asubuhi, mbele ya afisa wa polisi, yule tunayemwita OPJ, shemeji ya mwenzetu aliuliza ulizo moja tu: chumba hiki kina funguo ngapi? Mkubwa wa hoteli akababaika. Mwishowe akasema zilikuwa mbili, na kwamba mpangaji mmoja aliondoka na moja majuma mawili mbele, lakini kufuli haikubadilishwa. Basi ufunguo wa chumba kile ulikuwa unatembea mjini majuma mawili mazima, na aliyelala kasho ni binti wa usafi! Wakamfungulia saa tano. Mwizi hajajulikana mpaka leo.

Tunakaa juu ya jambo hili kwa kuwa katika kila habari ya wizi wa hoteli tuliyosikia, mtu wa kwanza kutajwa ni yule anayefagia. Ni yeye aliye na mshahara mdogo, ni yeye asiye na mtu wa kumsemea. Inawezekana kweli akawa ni yeye. Lakini inawezekana pia akawa ni sentinele, ao mwenye kukaa resepsioni, ao mpangaji wa chumba cha pili, ao kijana wa jamaa yenu wenyewe aliyejua pesa ziko wapi (hilo halipendezi kusikia, lakini walimu tunajua, hata darasani kalamu ya mtoto inapotea mara mingi mikononi mwa rafiki yake). Katiba yetu ya 2006, katika artikle 17, inasema mtu anayeshtakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itolewe. Na artikle 18 inasema polisi hawawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48; zikiisha wamfungue ao wamfikishe mbele ya sheria. Mkiona mtu anapigwa juu ya vitu vyenu, simameni na kusema hapana. Vitu ni vyenu, kwa hiyo sauti yenu ndiyo itasikiwa kwanza. Mwenzetu anasema kinachomsumbua si dola tena. Ni kwamba yule binti hakurudishwa kazini, hata nyuma ya kuonekana hana neno.

Wala msikubali mtu awaletee mganga wa kutazama katika maji nani ameiba. Atataja yule ambaye watu wamekwisha kumtaja.

Sasa, mnafungua mlango na kuona valizi iko wazi. Jambo la kwanza ni kutogusa. Tunajua mikono inakimbia yenyewe kutafuta, lakini ngojeni dakika tano. Piga picha ya mlango, kufuli, dirisha, kitanda, valizi, vile vilivyo. Toa watoto nje, wape biskuti, wakae na mtu mmoja mkubwa. Kisha mmoja wenu aende kumwita mtu wa resepsioni aje aone kwa macho yake, mbele ya mashahidi, na mwingine abaki mlangoni. Mkisha kupanga upya nguo zote ndipo mnaita, atawaambia hakuona kitu, naye hatakuwa anadanganya.

Hapo hapo andikeni kwenye karatasi kila kitu kilichopotea, bei yake, na saa mliyoondoka na kurudi. Msiongeze. Tunasema hivyo kwa kuwa tumesikia watu wakishauriana, "Tuseme ni dola 500, ili watulipe 300." Siku OPJ atakapouliza maulizo kwa mume peke yake na kwa mke peke yake, hesabu zitapingana, na kutoka hapo hata ukweli wenu hautaaminiwa.

Simu ikiibiwa, msingoje jioni. Tumieni simu ya mwingine, mwite kampuni ya laini yenu wafunge namba pamoja na M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money iliyo ndani yake. Mwizi bila namba ya siri hawezi kutoa pesa, ni kweli, lakini ni wangapi kati yetu walioandika namba ya siri kwenye kikaratasi nyuma ya simu? Tena kuna jambo la kufanya leo, mbele ya safari: andika *#06# kwenye simu, itakuonyesha namba ya tarakimu 15 ambayo ni ya simu yenyewe, si ya laini. Iandike kwenye daftari la nyumbani. Bila namba hiyo, siku simu inapatikana sokoni, utathibitisha namna gani kwamba ni yako?

Na dola zenyewe, kila noti ina namba yake. Sisi Wakongomani tunatazama noti ya dola kila upande tuone kama imepasuka kidogo, lakini hatutazami namba. Piga picha za noti kubwa, za 50 na za 100, utumie dada aliyebaki nyumbani.

Kisha polisi. Peleka mashtaka siku ile ile, uombe yaandikwe kwenye karatasi ya PV, uisome mbele ya kutia sahihi. Kama hausomi Kifaransa vizuri, omba usomewe kwa Kiswahili, na usione haya. Mtawaombwa pesa ya karatasi, ya kalamu, ya mafuta ya pikipiki. Kwa sheria, kupokea mashtaka hakulipiwi. Kila mmoja atajua namna ya kusema na shefu bila kugombana, lakini ombeni kopi, ao hata namba na tarehe ya PV. Kadi ya mpiga kura ikiwa imeibiwa pia, ombeni palepale hati ya kupotelewa, juu bila kitambulisho safari ya kurudi itakuwa ndefu kwenye kila kizuizi. Walio nchi nyingine wapeleke mashtaka kwa polisi wa huko kwanza, kisha ndipo waende kwa konsula ao ubalozi wa Kongo na karatasi ya polisi mkononi.

Sheria yetu ya makosa inasema wizi bila nguvu wala vitisho unaweza kuleta kifungo mpaka miaka mitano. Ikiwa mwizi alivunja mlango, alipanda dirishani ao alitumia ufunguo wa bandia, kinaweza kufika miaka kumi. Ndiyo sababu hali ya kufuli iandikwe ndani ya PV.

Tufike kwa ulizo la nani atalipa. Katika hoteli nyingi nyuma ya mlango kuna karatasi inayosema kwamba nyumba haihusiki na vitu vinavyopotea. Watu wanaisoma, wanainamisha kichwa, wanaondoka. Msiinamishe haraka hivyo. Sheria ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ambayo wanasheria wanaiita kitabu cha tatu cha sheria ya raia, ingali inatumika kwetu. Inasema mwenye hoteli anahesabiwa kama mtu aliyewekewa vitu na msafiri anayelala kwake, na anajibu juu ya wizi, iwe umefanywa na wafanyakazi wake ao na wageni wanaoingia na kutoka hotelini. Hajibu ikiwa wezi walikuja na silaha, ao ikiwa ni nguvu isiyozuilika. Kwa hiyo karatasi iliyobandikwa na mwenye hoteli peke yake haiwezi kuwa neno la mwisho, zaidi sana kama kufuli haikubadilishwa.

Hatusemi kwamba mtalipwa yote. Atauliza: "Nani aliona ukiwa na dola 300?" Na lina haki ulizo hilo. Ikiwa hoteli ina sanduku la chuma kwenye resepsioni, ni heri kuweka pesa humo na kupewa karatasi yenye hesabu na sahihi. Hapo hakuna wa kukataa. Ikiwa haina, pesa zitembee na mwenye pesa, zimegawanyika kwa watu wawili. Mwenzetu hakupata yote. Aliandika barua, shemeji yake akaipeleka, na nyuma ya mazungumzo ya siku mbili hoteli ilifuta malipo ya usiku nne na kumrudishia dola 150 kwa mara mbili.

Likelemba yenyewe hakuna aliyemsamehe. Ilibidi aendelee kutoa kila juma mpaka zamu ya mwisho, na tunaona ni haki, juu wale wengine nao wanangoja. Kilichokuwa kizito zaidi kwake ni kumwambia mumewe, aliyebaki Lubumbashi kwa kazi. Alinyamaza siku sita. Mume alisikia kwa ndugu aliyekuwa kwenye ndoa, na hasira yake ilikuwa juu ya zile siku sita kuliko juu ya pesa. Wababa wanaosoma karatasi hii kisirisiri nyuma ya wake zao, nanyi mjiulize kwa nini mke anaogopa kuwaambia kwamba ameibiwa.

Wengi wanatuambia hawajui barua kama hiyo inaandikwa namna gani. Haitaki maneno makubwa, wala matusi. Ikiwezekana mtu awaandikie kwa Kifaransa, lakini yaliyomo ni haya:

"Kwa mwenye hoteli. Bwana, mimi (jina), nililala katika chumba namba (…) tangu tarehe (…) mpaka tarehe (…). Tarehe (…), kati ya saa (…) na saa (…), vitu vinavyofuata viliibiwa ndani ya chumba changu: (vitu na bei). Mlango haukuvunjwa. Mfanyakazi wako (kazi yake) alikuja kuona. Nimepeleka mashtaka kwa polisi, PV namba (…). Kwa kuwa sheria inataka mwenye hoteli ajibu juu ya vitu vya msafiri anayelala kwake, nakuomba tukutane siku (…) tupatane juu ya malipo. Nakuomba pia mfanyakazi yeyote asifukuzwe kazi juu ya mashtaka yangu mpaka uchunguzi uishe. Sahihi."

Fanyeni kopi mbili. Moja inabaki hotelini. Ya pili waitie kashe, tarehe na sahihi ya aliyeipokea, nanyi mrudi nayo nyumbani pamoja na faktire ya chumba. Wakikataa kutia kashe, mashahidi wawili watie sahihi zao chini.