Rangi Haisimamishi Gari

Wasee wa Sisibo, leo nasema kitu ambacho najua kitanipunguzia wafuasi. Zile Peugeot 504 na Datsun za zamani ambazo tunazipigia makofi hapa Eldoret, zile zimefufuliwa zikabandikwa namba mlangoni na taa nne mbele ya bampa, nyingi haziko tayari kwa mbio. Ziko tayari kwa harusi.

Nilisema hivyo chini ya video ya 504 moja nyeupe, safi kabisa, na komenti zikashuka kama mvua ya Aprili. Eti wivu. Eti sina hata gari. Eti mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili atatufunza uhandisi lini. Ni kweli niliacha chuo. Lakini kujua kama pedali ya breki inazama hakuhitaji digrii, kunahitaji mguu.

Wacha nianze na pesa, kwa sababu kila mtu anasema shida ni pesa. Kuna beshte yangu anafufua 504 sedani ya babu yake, anataka aingie nayo autokrosi, na amekubali nitoe hesabu yake bila kumtaja. Rangi, 110,000. Rimu, 72,000. Viti kushonwa upya, 45,000. Muziki, 38,000. Hiyo ni 265,000 ya vitu vya kuonekana. Breki alitumia 6,500, padi za mbele pekee. Sasa mtu aniambie pesa ilikosekana wapi hapo.

Tulimpelekea gari fundi mmoja wa Langas, mzee ambaye alianza kazi enzi zile Peugeot stesheni ndizo zilikuwa matatu za safari ndefu. Akazunguka gari mara moja, akakanyaga breki mara tatu, akanyamaza. Nikamuuliza, "Mzee, hii inaweza kushuka Tambach?" Akasema, "Kijana, kushuka itashuka. Kusimama ndio sijui."

Na breki ndipo watu wanadharau zaidi, kwa hivyo nitakaa hapo kidogo. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya lazima yahimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. Sasa fikiria gari imekaa boma kule Moiben miaka kumi, mafuta ni yale yale, rangi yake kama chai ya strungi. Unatoka nayo Iten, karibu mita 2,400 juu ya bahari, unashuka kona kwa kona mpaka Bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 chini. Kila kona unakanyaga. Diski zinawaka moto, mafuta yanachemka, yanatoa mvuke. Mafuta hayabonyeki lakini mvuke unabonyeka, kwa hivyo unakanyaga na mguu unaenda mpaka sakafu na gari haina habari na wewe. Hapo hakuna kitu rangi ya 110,000 itakufanyia.

Kuna jambo lingine ambalo wenye gari za Nairobi na Mombasa hawatakwambia kwa sababu haliwasumbui vile linatusumbua sisi. Eldoret iko kama mita 2,100. Hewa ni nyepesi, ndio maana dunia nzima inakuja huku kufanya mazoezi ya kukimbia. Injini ya kabureta nayo inakimbia na mapafu yale yale: inapoteza karibu asilimia 20 ya nguvu ukilinganisha na pwani, na kama jeti za kabureta ni za pwani, petroli inazidi hewa. Plagi zinakuwa nyeusi, gari inakohoa, moshi. Vijana wanafikiri dawa ni ekzosi ya kelele. Dawa ni jeti ndogo zaidi na mtu mwenye subira ya kusoma plagi. Na ukishuka nayo Kerio bila kurekebisha tena, hewa inakuwa nzito, petroli inakuwa kidogo, injini inapata joto. Breki pia haziachwi nyuma: ile boosta inasaidiwa na uzito wa hewa ya nje, na huku juu hiyo hewa ni pungufu. Pedali ni nzito kidogo kuliko vile kitabu cha gari kinasema. Tena hiyo ni ikiwa boosta ni nzima.

Sasa keji, yaani kile kizimba cha paipu ndani ya gari. Hapa nitaongea kwa hasira kidogo.

Nimeona keji imeundwa na paipu ya geti. Sio mfano, nimeona kwa macho, tyubu ya mraba, ile ile ya kutengenezea geti na vitanda, imechomelewa vizuri, ikapigwa rangi nyekundu, na mwenye gari anapiga nayo picha akiwa ameweka kidole gumba juu. Nimeona nyingine ya paipu ya maji. Paipu ya maji imepakwa zinki, ukiichomelea bila kuitoa hiyo zinki unapata moshi wa sumu na mshono wenye matundu ndani. Sheria za FIA ziko wazi na yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma: tao kuu linalopita nyuma ya dereva liwe paipu ya chuma isiyo na mshono, iliyovutwa ikiwa baridi, kipenyo milimita 45 na unene 2.5, au kipenyo 50 na unene 2. Paipu zile nyingine, 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2. Mguu wa tao unakaa juu ya sahani ya chuma ya unene wa milimita 3, eneo lisilopungua sentimita mraba 120, ili gari ikipinduka nguvu isambae kwa sakafu badala ya kuitoboa.

Sakafu yenyewe je? Inua kapeti ya hizi gari zetu. Chini yake ni kutu, na juu ya kutu ni fila, na juu ya fila ni rangi. Unafunga keji hapo. Gari ikibingirika, ule mguu wa keji unapita kwa sakafu kama msumari kwa maboksi, na paa linakuja kukusalimia. Keji mbaya ni mbaya kuliko kukosa keji, kwa sababu inakupa roho ya kukanyaga. Tena ni chuma kigumu kiko karibu na kichwa chako, na wewe umevaa helmeti ya boda boda.

Mambo mengine nayapitia haraka maana hayana ubishi. Mipira ya petroli ya miaka 40 itolewe yote, hata ile inaonekana sawa. Betri ifungwe isiruke. Kizima moto kiwe mahali mkono wako unafika ukiwa umejifunga mkanda. Mikanda ya mbio ina tarehe ya mwisho, isome, usinunue ya mitumba kwa sababu ina rangi nzuri. Tairi pia: zile namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukiona 1412, hiyo ni wiki ya 14 ya mwaka 2012, hata kama meno yote yako.

Najua jibu lenu. "Wazee walikimbia Safari bila hayo yote." Wazee gani? Someni hiyo historia mnayoibandika kwa mlango. Safari ilianza mwaka 1953. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404, gari ya familia. Kulikuwa na magari ya kasi kuliko 404. Yalibaki kwa matope.

Halafu kuna Joginder Singh, ambaye picha yake mnaipenda. Mwaka 1965 alishinda akiwa na kaka yake Jaswant, na ile Volvo PV544 ilikuwa mtumba: kampuni ilikuwa imeikimbiza Safari ya mwaka uliotangulia, ikaiacha hapa. Joginder alikuwa fundi. Akaishika hiyo gari iliyochoka, akaitengeneza, akawashinda watu wenye magari mapya kutoka kiwandani. Katika Safari 22 alizoingia, alimaliza 19. Nilitaka mtu mmoja tu kati ya wale walionitusi aniambie Joginder alitumia rimu gani. Hizo Datsun mnazozisifu pia, Shekhar Mehta alishinda nazo mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, na hakuna mtu anakumbuka kama zilikuwa zinang'aa. 504 ikashinda 1975 na 1978. Gari zenu ni za ukoo mzuri. Mnaziaibisha.

Jibu la pili huwa hili: wakaguzi wanabagua, wanataka mbio ziwe za matajiri. Hapa sitakataa kila kitu. Mchezo huu ni ghali, na kijana wa Huruma au Maili Nne akiangalia orodha ya vifaa anaona kama imeandikwa kumfukuza. Kuna jamaa alisafiri na gari yake kwa lori mpaka mbio za mkoa mwingine, akakataliwa asubuhi ya mbio kwa sababu ya mikanda, akarudi na deni. Hiyo inauma, na wanaoandaa mbio wanaweza kuirekebisha bila kulegeza sheria hata moja. Waje Eldoret siku moja, mwezi mmoja kabla, watuambie hii ndio na hii hapana, tukiwa bado na muda wa kutengeneza. Huu mji ulipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, barabara za murram za Kaptagat na Moiben ziko, mafundi wako, na tumewahi kuandaa raundi za ubingwa wa kitaifa. Siku moja ya ukaguzi sio kuomba mwezi.

Lakini kumwambia mtu paipu yake ni ya geti, huo sio ubaguzi. Anayebagua ni yule anayekuona na hiyo paipu na kukwambia "iko sawa, boss, endelea."

Na mjue gari iliyokataliwa kwa mbio haiendi kulala. Tunajua inaenda wapi. Inaenda bypass usiku, mbili mbili, taa zimezimwa, na watu wamesimama pembeni na simu. Kwa ile barabara hakuna mkaguzi, hakuna daktari, hakuna aliyefunga njia. Kuna mtu wa boda anatoka kazi. Kuna mama amebeba maziwa saa kumi na moja alfajiri. Hao hawakujiandikisha kwa mbio zako. Autokrosi iko na uwanja uliofungwa, saa ya kupimia muda na gari ya wagonjwa imesimama hapo. Ukishindwa kuingia huko kwa sababu gari yako haisimami, basi haisimami hata bypass.

Wenzangu wa kamera, nyinyi ndio nina shida nanyi zaidi. Video ya gari ikipakwa rangi inapata watu laki moja, ya mtu akitoa hewa kwa breki inapata mia nne, kwa hivyo mnapiga ya rangi. Sawa, kodi ya nyumba lazima ilipwe, mimi pia nalipa. Lakini hakuna anayewalazimisha kuandika kwamba gari iko tayari kwa rali kama hamjalala chini yake hata dakika moja. Kijana wa miaka 19 huko Kapseret anawaamini. Anauza ng'ombe wa shosho akanunue taa nne na bampa.

Ukinialika kupiga video ya gari yako, naja na kalipa ya kupimia na tochi. Nitapima paipu, nitainua kapeti, nitakanyaga breki injini ikiwa imezimwa na ikiwa inanguruma. Ukikataa hayo, tafuta mwenye kamera mwingine, wako wengi hapa mjini.

Beshte yangu wa 504 ametoa masta silinda na zile paipu zote za breki, ziko kwa meza ya yule mzee wa Langas. Muziki ameshauza. Rimu bado ziko, nne, hazina mkwaruzo, na pesa yake inaenda kwa paipu isiyo na mshono. Anayezitaka aniandikie.