Soleri si umeme tu

Mtaje "soleri" mbele ya wanafunzi wa hapa Lubumbashi, na kila mmoja atafikiria bamba juu ya paa, betri, taa na simu. Neno hili tulilichukua kutoka Kifaransa, tukaliachia maana moja tu, ile ya umeme. Kwa hiyo anayetafuta kifaa cha kupasha maji kwa jua huuziwa bamba la umeme, kisha hushauriwa aongeze betri. Naona upungufu huo wa lugha unatugharimu pesa.

Tufanye hesabu. Kupasha lita 100 za maji, za kuogea watu watano kwa ndoo, kutoka digrii 15 hadi 45, kunataka kilowati-saa 3,5. Kwa betri za nyumba ya kawaida huo ni mzigo mkubwa. Tena bamba la umeme hugeuza kiasi cha sehemu moja kwa tano tu ya nguvu ya jua. Lakini sanduku la kioo lenye bamba jeusi na mabomba ya maji ndani yake laweza kukamata nusu au zaidi, kwa sababu haligeuzi kitu: joto linabaki joto. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi kwenye tangi lililo juu ya sanduku, na ya baridi hushuka kushika nafasi yake. Hakuna pampu. Wala si jambo jipya: Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya kifaa cha kupasha maji kwa jua mwaka 1891.

Na sisi Katanga tuna bahati ya pekee. Baridi yetu kali huja mwezi wa sita na wa saba, wakati wa kiangazi, mbingu zikiwa hazina wingu. Jua la mchana huyapasha maji, na tangi lililovikwa vizuri huyatunza hadi alfajiri. Badala yake tunachoma makala (ya mbabula, si haya unayoyasoma), na miti ya miombo inazidi kusogea mbali na mji.

Sidai kwamba jua litamaliza makala. Bukari haipikwi kwa maji ya digrii 60. Zaidi ya hapo, kifaa chenyewe ni ghali siku ya kununua, na mpangaji hawezi kukipandisha juu ya paa la mwenye nyumba. Bomba likikauka siku tatu, tangi nalo linakauka. Maji yenye chokaa huziba mabomba, na fundi wa kuyasafisha hapatikani kirahisi. Halafu kuna wizi. Mabomba hayo mara nyingi ni ya shaba, na shaba juu ya paa ni kishawishi. Ajabu ni kwamba shaba hiyo inachimbwa hapa kwetu, inasafirishwa ng'ambo, kisha inaturudia ndani ya kifaa kwa bei isiyoshikika.

Ndiyo maana nisingeanza na nyumba za watu. Ningeanza na maternite na mabweni, penye mlinzi, paa pana na maji mengi yanayohitajika kila siku. Katika maternite moja nilipomsindikiza dada yangu, jamaa ndio walioleta makala ya kuchemshia maji ya kumwogeshea mama na mtoto. Asiyekuwa na jamaa aliomba kwa jirani wa kitanda.

Mafundi watafundishwa na shule za ufundi. Sisi wa lugha tuna kazi ndogo zaidi, lakini hakuna mwingine wa kuifanya: kutenganisha majina. Napendekeza "soleri ya maji" na "soleri ya umeme", na karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha hapa kwetu, inayomweleza mnunuzi namna ya kuvika tangi na kuondoa chokaa. Karatasi hiyo twaweza kuiandika muhula huu.