Gitaa la Kale katika Mnada wa Intaneti

Tarehe 20 Juni, 2020, mjini Beverly Hills katika jimbo la California, Marekani, lilinadiwa gitaa moja la mbao lenye tundu kifuani. Bei yake ilianzia dola 1,000,000, na wanunuzi wakashindana hadi mnada ukafungwa kwa dola 6,010,000, ada ya mnadi ikiwa humo. Gitaa hilo lilitengenezwa mwaka 1959 na kampuni ya Martin, nalo ni la aina iitwayo D-18E. Ndilo alilolipiga Kurt Cobain wa kundi la Nirvana katika onyesho la televisheni lililorekodiwa New York mwezi Novemba 1993, miezi mitano tu kabla ya kifo chake.

Habari kama hizi huwatia watu tamaa. Mtu akisikia kwamba magitaa ya D-18E yaliyopata kutengenezwa ni 302 tu, hudhani kwamba uchache huo ndio uliozaa mamilioni. Sivyo. Yalikuwa machache kwa sababu hayakupendwa. Mnamo mwaka 1958 na 1959 kampuni ya Martin ilijaribu kulipachika gitaa la mbao vinasa sauti vya umeme, na vyuma vile vikaulemea ubao wa mbele na kuizuia sauti isitoke vizuri. Wanunuzi hawakuridhika, na aina hiyo ikaachwa. Kilicholipiwa California ni mkono wa marehemu uliolishika gitaa lile, wala si gitaa lenyewe. Kinyago kilichokosa mnunuzi nacho ni adimu.

Sasa na lilinganishwe na gitaa jingine la kampuni iyo hiyo, D-45. La kwanza lilitengenezwa mwaka 1933 kwa ajili ya Gene Autry, mwimbaji na mchezaji wa filamu. Hadi mwaka 1942, vita ilipoukomesha utengenezaji wake, yalikuwa yamefika 91. Haya yalikuwa machache kwa kuwa yalikuwa ghali mno katika miaka ya dhiki, ambapo Wamarekani wengi hawakuwa na kazi. Lakini kila aliyelisikia moja lao alitamani kulisikia tena. Kwa hiyo mtu anayetafuta gitaa adimu yampasa kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: limekuwa adimu kwa sababu gani?

Wanaoyatafuta magitaa hayo si matajiri peke yao. Wengi ni watu wa mshahara, walimu, mafundi na wastaafu, waliojifunza gitaa kavu ujanani, kama vile huku kwetu wazee wengi walivyojifunza kwa kumsikiliza Jean-Bosco Mwenda wa Katanga katika miaka ya 1950. Gitaa jipya la D-18 huuzwa madukani Marekani kwa bei isiyofika dola 4,000. Lenye jina lilo hilo, la miaka ya mwisho ya 1930, hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Sababu mojawapo imo ndani, mahali pasipoonekana: mataruma membamba yanayoushikilia ubao wa mbele yalikuwa yakichongwa na kupunguzwa ili ubao utetemeke kwa urahisi. Kampuni iliacha kuyachonga hivyo mwaka 1944, kwa kuwa wapigaji walikuwa wakifunga nyuzi nene mno na kuziharibu mbao. Tofauti ya bei iliyopo hapo ni nyumba inayohitaji paa, au ada ya mtoto aliye chuoni. Haifai mume aitoe usiku wa manane mbele ya kompyuta huku mkewe amelala. Wala mke asiitoe mume akiwa safarini.

Usiku wa manane umetajwa kwa makusudi. Mnada wa ng'ombe kila mtu anaujua. Mnunuzi humfungua mnyama kinywa akahesabu meno, humpapasa mgongo, humtembeza aone kama achechemea, ndipo anapotaja bei. Katika mnada wa intaneti hakuna kupapasa. Kuna picha kumi au ishirini alizozichagua mwuzaji, kuna maneno yake, na kuna saa inayohesabu kurudi nyuma.

Mnada wa namna hii ulioenea zaidi, eBay, ulianzishwa California na Pierre Omidyar mwezi Septemba 1995. Kawaida yake ni hii. Mnunuzi huandika kiasi cha mwisho anachokubali kutoa, na kiasi hicho hufichwa. Mtambo humpandishia bei hatua kwa hatua, kiasi cha kumpita tu mwenzake. Aliyeandika dola 2,000, mpinzani wake akiwa ameandika 1,500, hulipa kama dola 1,525. Kwa hesabu hiyo mtu mwenye busara angeandika kiasi chake mara moja, akaenda kulala. Lakini watu hawafanyi hivyo. Wataalamu wawili wa uchumi, Alvin Roth na Axel Ockenfels, katika uchunguzi walioutangaza mwaka 2002, walilinganisha mnada wa eBay, unaofungwa saa iliyopangwa bila kuongezwa hata sekunde moja, na mnada wa Amazon wa wakati ule, ambao uliongezewa muda kila lilipotokea dau la dakika za mwisho. Waliona kwamba pale penye saa isiyosogezwa, madau ya dakika za mwisho yalikuwa mengi zaidi. Wazoefu hungoja ili wasimzindue mpinzani. Wageni nao, wanapojiona wamepitwa zikiwa zimebaki sekunde chache, hupandisha bila kufikiri, kwani kupitwa na mtu usiyemwona kunauma kuliko kupitwa na jirani.

Tena ipo hasara ya aina nyingine, ambayo humpata hata asiye na papara. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Marekani waliandika kuhusu zabuni za kuchimba mafuta katika Ghuba ya Mexico. Walionyesha kwamba watu wengi wanapokisia thamani ya kitu kisichoonekana, anayeshinda aghalabu ni yule aliyekosea kwa kukisia juu mno. Jambo hilo huitwa laana ya mshindi. Gitaa lililo umbali wa kilomita elfu tatu, likitazamwa katika picha, halina tofauti kubwa na mafuta yaliyo chini ya bahari. Dawa yake ni ya kinyumbani: kiasi kipangwe mchana, na watu wawili, kiandikwe katika karatasi, na ndani yake ziwemo ada ya mnadi, gharama ya kusafirisha, bima, na fedha za fundi.

Fedha za fundi hazikosi. Nyuzi za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa mtu mzima, mchana na usiku. Baada ya miaka hamsini au sitini shingo ya gitaa huinama mbele, nyuzi zikainuka juu, vidole vikaumia. Hapo fundi huyeyusha gundi kwa mvuke, akaing'oa shingo, akaichonga sehemu ya maungio na kuirudisha. Ni kazi ya kawaida kwa magitaa ya umri huo, wala si aibu ya gitaa. Lakini hugharimu mamia ya dola, na picha iliyopigwa kutoka mbele haiwezi kuionyesha haja yake. Mnunuzi na aombe picha iliyopigwa kutoka kichwani, ikiifuata shingo hadi kwenye daraja. Aulize pia nyuzi zimeinuka milimita ngapi kwenye mstari wa kumi na mbili. Mwuzaji mwaminifu atachukua rula na kupima. Anayejibu kwamba gitaa «linapigika vizuri» hajajibu.

Namba nayo itazamwe. Martin wamekuwa wakiipiga namba ya mfululizo katika kipande cha mti kilicho mwanzo wa shingo, kwa ndani, tangu mwaka 1898, nayo huonekana kwa kuchungulia katika tundu. Kampuni imetangaza orodha ya namba na miaka yake, hivyo umri hujulikana mara moja. Kwa magitaa ya Gibson mambo ni magumu zaidi, maana katika miaka ya 1960 namba zile zile zilitumiwa zaidi ya mara moja, na ni lazima kutazama viungo vingine ili kuujua mwaka. Vanishi iliyopakwa upya, daraja lililobadilishwa, tundu lililotobolewa ili kuwekwa kinasa sauti, yote hayo hupunguza bei sana, hata kama sauti imebaki nzuri. Anayenunua ili apige aweza kufaidika na kasoro hizo. Anayenunua ili auze baadaye asizisogelee.

Kisha liko jambo la sheria, ambalo wengi hulikumbuka fedha zikiwa zimekwisha kutoka. Magitaa mengi mazuri ya kabla ya mwaka 1970 yana mgongo na mbavu za rozwudi ya Brazili. Mti huo umewekwa tangu mwaka 1992 katika daraja la juu la ulinzi la mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na gitaa lenye mbao zake halivuki mpaka kwa mauzo bila vibali. Mwaka 2017 jamii nzima ya miti hiyo iliwekwa chini ya udhibiti, ukiwemo mpingo wetu wa Afrika Mashariki, ambao mafundi wengine wa magitaa huutumia badala ya rozwudi ya Brazili. Ala zilizokwisha kutengenezwa zilisamehewa mwishoni mwa mwaka 2019, lakini msamaha huo haukuihusu rozwudi ya Brazili. Magitaa ya kale zaidi huwa na pembe za ndovu chini ya nyuzi, na hata ukingoni. Mnunuzi wa Ulaya aliyelipa bila kuuliza aweza kuliona gitaa lake likishikwa forodhani, na mwuzaji akawa na haki ya kusema kwamba yeye alitimiza wajibu wake.

Malipo yapitie kwenye mnada wenyewe. Mwuzaji anayeshauri kwamba fedha zitumwe kando ili ada iepukwe, kwa ukarimu wowote ule, anaondoa ulinzi wote wa mnunuzi.

Gitaa likishalipiwa, mwuzaji aombwe alegeze nyuzi, ajaze matambara au karatasi chini ya kichwa ndani ya sanduku lake gumu, kisha sanduku liwekwe ndani ya boksi kubwa zaidi. Marekani wakati wa baridi, magari ya mizigo hulala nje usiku kucha. Boksi likifika halifunguliwi siku hiyo. Huachwa sebuleni hadi kesho yake, mbao zipate joto polepole, kwa kuwa vanishi ya kale iliyoganda kwa baridi hupasuka mistari mistari inapokutana ghafla na joto la nyumba. Kwa mtu aliyengoja miaka kumi, usiku huo mmoja ni mrefu. Asubuhi yake hufunguliwa mbele ya shahidi, kila hatua ikipigwa picha, na gitaa hupelekwa kwa fundi kabla siku za kurudisha hazijaisha.